Fundi Plasta wa Ukumbini

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na ukuta wa mwanga unaofuata watu. Ukiinua mkono, vipepeo wanaruka; ukitembea, majani yanaota nyuma yako. Watu wazima wenye vitambi na tai walirukaruka mbele yake bila haya.

Mfagiaji mpya alipopiga deki asubuhi ya kwanza, vipepeo hawakutokea. Alitokea mwanamume mwenye mwiko, akipiga plasta. Mfagiaji akisukuma tambara kulia, naye anasukuma mwiko kulia. Kila akimaliza sehemu, aliigonga kwa kidole kusikiliza kama imeshika. Hilo la kugonga lilikuwa lake mwenyewe.

"Kumbe uko huku," mfagiaji alimwambia mumewe, akaendelea na deki, maana sakafu ilikuwa bado chafu.

Kampuni yenye jengo ilikuwa imesema fundi huyo aliacha kazi bila kuaga, jengo likikaribia kufunguliwa. Mtaani wakamalizia: ana mwanamke mwingine. Mama mkwe akanuna, akiamini mdomo wa mkwewe ndio uliomfukuza mwanawe. Hapakuwa na msiba. Mke aliyekimbiwa hapewi pole, na hilo lilimuuma kuliko upweke.

Kesho yake alimleta mama mkwe.

"Amekonda," bibi alisema, kisha akaushika mkono wa mkwewe. "Nisamehe, mwanangu."

Mfagiaji akatembea taratibu kuelekea mlangoni, ili amtoe. Mumewe alimfuata ukutani mpaka kwenye nguzo nene ya pembeni, akaweka mwiko chini, akaingia ndani ya nguzo. Walijaribu tena, akaingia palepale.

Meneja aliitwa.

"Ndiyo, yumo," alisema. "Nguzo ilikuwa na ufa, tukaizungushia mbao, tukaongeza zege. Alitumbukia, na uzinduzi ulikuwa umeshatangazwa."

"Tunataka tumzike," bibi alisema.

"Naelewa, mama. Lakini nguzo hiyo ndiyo imebeba ghorofa zote."

Akaagiza maua yawekwe karibu na nguzo, ya plastiki, yasisumbue kumwagilia.

Wageni walimpenda fundi kuliko vipepeo. Mfagiaji akanyang'anywa tambara, akapewa sare safi. Kazi yake sasa ni kusogeza mikono kutwa nzima. Jioni huishusha, akasimama tuli, ili mumewe naye apumzike. Fundi huketi juu ya ndoo yake, akiutazama mlango.

"Mama," meneja humwita kwa upole, "wageni bado wapo. Inua mkono kidogo."

Anainua. Mumewe anaokota mwiko.