Jumba la Migdalia, Upande wa Majini

Wiki ile Migdalia aliwashukuru mchwa kuliko watakatifu wote wa kanisani kwake. Mchwa ndio waliomwezesha kumlaza dada yake Hortensia kwenye kochi la chumba chake cha kupanga huko Hialeah, pembeni mwa Miami, badala ya kwenye lile jumba jeupe la kisiwa cha matajiri ambalo Hortensia alikuwa akiliona pichani tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Wamelifunika turubai lote," alimwambia pale pale uwanja wa ndege, hata hawajamaliza kukumbatiana. "Linafukizwa dawa. Ukiingia mle, unakufa pamoja na mchwa."

Hortensia, aliyeshuka kutoka Camagüey, Kuba, na sanduku moja na maswali mia, alitaka kubisha. Lakini Mungu si Athumani: njiani wakapita nyumba ya watu imevishwa turubai la mistari mpaka paani, maana Miami mambo hayo ni ya kila siku. Akaumeza ubishi wake.

Ukweli ni kwamba jumba halikuwa la Migdalia hata tofali moja. Yeye alikuwa akilisafisha. Mwaka wake wa kwanza, siku wenye nyumba walipokuwa safarini, Evelio mtunza bustani alimpiga picha amekaa kwenye ngazi za mbele, na kofia pana ya bibi mwenye nyumba kichwani. Ndiyo desturi ya Wakuba. Mtu wao akifika Miami, kabla hajapata hata kazi, hupigwa picha ameegemea gari la mwingine na kuipeleka kwao. Migdalia hakuandika neno nyuma ya picha. Mama yake ndiye aliyejibu: "Mwanangu, nyumba yako imenitoa machozi." Sasa utamwambiaje mama yako ayarudishe machozi? Akanyamaza, na kimya chake kikazidi kulijenga lile jumba, mwaka hadi mwaka.

Mama alifariki akiliamini. Aliyebaki kuliamini ni Hortensia peke yake, na Migdalia aliogopa jambo moja tu duniani: kuliona jicho la dada yake linashuka kutoka kwenye ngazi nyeupe mpaka kwenye ndoo na fagio.

Kila mmoja alikuwa na picha aliyotumiwa na mwenzake. Juu ya kochi la Migdalia ilining'inia picha ya paa la nyumba ya kwao Camagüey, paa jipya la vigae vyekundu ambalo yeye mwenyewe alituma pesa za kuliezeka. Alipanga kuzeekea chini ya paa lile. Jambo la ajabu, Hortensia kila usiku alilala akiipa picha hiyo mgongo. Alidai vile vigae vinamuumiza macho.

Siku ya nne Hortensia aliweka kikombe cha kahawa chini na kusema, "Nataka kuiona nyumba yako."

"Dada, imefunikwa."

"Basi nitaliona turubai. Nimetoka Camagüey, Migda, nirudi bila kuona hata turubai?"

"Lango la daraja lina walinzi. Siku za kufukiza hawaruhusu mtu."

"Langoni hawaruhusu. Na majini? Jirani yako wa chini kaniambia kuna boti inayozungusha watu kuangalia nyumba za matajiri."

Jirani wa chini akapata laana zake kimoyomoyo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Migdalia alikuwa amefika mwisho wake. Usiku akampigia simu Yoandri, mtoto wa rafiki yake wa kanisani, ambaye ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti kwenye boti ile. Akamweleza yote, akamsihi: wakifika kwenye jumba jeupe lenye madirisha ya bluu, asiseme kitu. Apite tu.

"Shangazi, lala usingizi," Yoandri akasema. "Niachie mimi."

Na hapo ndipo Migdalia alipokosea, maana kumwambia Yoandri anyamaze ni sawa na kumwambia jogoo asiwike.

Boti iliondoka asubuhi, jua limeshapamba moto, watalii wamejipaka mafuta meupe puani. Hortensia alivaa gauni lake la misa ya Pasaka. Mapajani alishika kifurushi cha keki za mapera, za kuwapa wafukizaji, alisema, maana kazi ile ni ngumu. Migdalia akaivuta kofia yake mpaka machoni.

Yoandri alianza kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kihispania. Hii nyumba ya mchezaji wa besiboli. Ile ya mfalme wa manukato, aliyeoa mara sita na kila mke akamjengea bwawa lake. Hakukuwa na mtu wa kumpinga. Waongozaji wa ghuba ile huzipa nyumba wenyewe wanaowataka, na leo mfalme wa manukato, kesho anakuwa daktari wa pua. Hortensia aliyameza yote, mdomo wazi.

Kisha boti ikazunguka kona, na jumba jeupe likajitokeza. Ngazi zile zile, madirisha ya bluu, minazi miwili. Turubai hakuna.

"Na hapa," Yoandri akasema, akivuta pumzi kwa raha zake, "mabibi na mabwana, naomba kofia chini. Jumba hili ni la mwanamke wa Camagüey. Alikuja na sanduku moja, hana hata soksi za kubadilisha. Leo hii ana vyoo tisa. Bibi mkubwa, Doña Migdalia."

Familia moja ya Kikuba iliyokaa nyuma ikapiga makofi. Hortensia akasimama, boti ikayumba.

"Huyu hapa," akasema, akimnyanyua mdogo wake kwa kwapa. "Ndiye huyu. Mdogo wangu wa damu."

Simu zote zikamgeukia Migdalia. Mzee mmoja wa familia ile akamshika mkono na kuutikisa bila kuuachia. Mke wake akamuuliza, vyoo tisa, mama, unavisafishaje?

"Kimoja kimoja," Migdalia akajibu, na hakuwahi kusema kweli kama hiyo.

"Tena turubai wameshalitoa," Hortensia akasema, macho yanang'aa. "Basi leo tunalala nyumbani. Kijana, sogeza boti, tushushe."

Migdalia akashika ukingo wa boti. Alitamani maji yafunguke yammeze na kofia yake. Ndipo kwenye gati la jumba akatokea Evelio, bomba la maji mkononi, akaweka kiganja juu ya macho.

"Migda," akapaza sauti juu ya maji, kwa furaha ya mtu asiyejua anachobomoa. "Mnatalii kazini siku hizi? Bibi anauliza likizo yako inaisha lini. Vyoo vinakulilia."

Simu zikashushwa moja moja. Yoandri akakigeukia kipaza sauti chake kana kwamba kimeharibika, akaanza kueleza habari za ndege mwari aliyekaa juu ya nguzo.

Hortensia aliketi polepole. Alilitazama jumba, akamtazama Evelio, kisha akaitazama mikono ya mdogo wake, ile mikono iliyokauka kwa sabuni.

"Vyote tisa?" akauliza.

"Vyote tisa."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nisamehe, dada. Mama alifurahi mno, nikashindwa."

Hortensia aliinamia kifurushi chake cha keki. Halafu mabega ya Hortensia yakaanza kutikisika. Migdalia akadhani analia, akamkumbatia, kumbe mtu anacheka mpaka keki za mapera zinamdondoka mapajani.

"Migda," akasema alipopata pumzi, "lile paa."

"Paa gani?"

"La vigae vyekundu. Lile ulilolitundika ukutani, linanikodolea macho usiku kucha. Ni la Zoraida wa jirani. Sisi mvua ikinyesha tunahama na vitanda."

Migdalia aliachama. Uzee wake wote alikuwa ameshauhamishia chini ya vigae vile. "Na pesa?"

"Mjukuu wangu alitimiza miaka kumi na mitano, na unajua kwetu hiyo ndiyo sherehe kubwa ya msichana. Mama akasema paa linaonwa na ndege tu, sherehe inaonwa na mtaa mzima. Tukamshonea gauni, tukaita bendi. Nikaona haya kukwambia. Nilijua mwenye jumba kama lako hawezi kuelewa shida ya paa."

Migdalia alijaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimpanda kutoka miguuni, akamwegemea dada yake, na wanawake wale wawili wasio na jumba wala paa wakacheka hadi familia ya nyuma nayo ikaanza kucheka bila kujua inacheka nini. Evelio akawapungia bomba, maji yakamlowesha mwenyewe.

Boti ilipoanza kugeuka, Hortensia alisimama haraka, akajifuta machozi, akamvua Migdalia kofia yake na kujivika.

"Yoandri, mwanangu, tupige picha. Jumba lionekane lote. Na huyo mwanamume wa bomba mtoe."

"Ya kumwonyesha nani tena hiyo, dada?"

"Zoraida. Kila siku ananiringia na vigae vyake. Simama vizuri, nyoosha shingo. Mwenye nyumba hasimami hivyo."

Migdalia akanyoosha shingo. Yoandri akahesabu, akapiga, akapiga tena.

"Dada," Migdalia akauliza bila kuacha kutabasamu, "hilo paa la Zoraida angalau halivuji?"

"Linavuja kuliko letu," Hortensia akasema. "Alilipaka rangi tu, apate picha za kumtumia binti yake aliyeko Tampa."