Kopo la Raba

Lori lile lilikuwa na pua ndefu, ndiyo maana watu walilipa jina la Pua, na mwenye nalo wakamwita Mzee Pua. Kiwanda kiliacha kuunda malori ya namna ile tangu binti yake mkubwa anajifunza kutembea. Sasa binti huyo ana mtoto wa miaka tisa, na bado Mzee Pua na wenzake sita waliobaki na malori kama hayo hukutana kila mwezi, wakanywa chai, wakasifia injini zao na kuulizana kiwanda kitazinduka lini kiyaunde tena. Waliandika barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa: mtu wa kiwanda angekuja Jumamosi, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto juu ya kilima, kuyaona malori ambayo bado yanatembea.

Mkewe, ambaye mjukuu alimwita Bibi na hatimaye mtaa mzima ukamwita hivyo, alikuwa mshonaji. Ndiye aliyetunza vitu vidogo vya lori, kwa sababu Mzee Pua, au Babu kwa mjukuu, alikuwa mtu wa kuweka nati mfukoni na kuifulia. Kwenye rafu, kati ya vifungo na zipu, palikuwa na kopo la biskuti lenye raba za breki: vikombe vidogo vyeusi vinavyokaa ndani ya pampu na kwenye magurudumu, kuzuia mafuta ya breki yasivuje. Seti moja tu ilibaki. Hata kwa kuuza shamba, usingeipata nyingine.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, Bibi alilifungua kopo akazigusa. Zilikuwa kavu kama midomo ya mtu mwenye homa. Akazionea huruma. Akachukua mafuta ya mgando, yaleyale aliyowapaka watoto wake watatu na mjukuu wake, akazipaka moja moja kwa kidole mpaka zikang'aa.

Ijumaa Babu alizifunga akiwa chini ya lori, miguu tu ikionekana.

"Zinabana," alisema.

"Ni mbovu?"

"Mbovu wapi? Raba mpya lazima ibane. Mke wangu, wewe ukikabidhiwa barafu jua la mchana utairudisha nzima."

Alizungusha lori uani mara mbili, akakanyaga, likasimama papo hapo. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

Jumamosi asubuhi Babu aliondoka na mjukuu. Gia ya pili ya Pua ilikuwa na tabia ya kuruka mteremkoni, kwa hiyo aliyekaa pembeni sharti aishikilie. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya Bibi. Lakini siku hiyo alikuwa na sare arobaini za shule za kumaliza.

"Mimi nina mikono, Bibi," mtoto alisema, akaionyesha yote miwili.

Saa tano na robo muuza spea alipita kuchukua ovaroli lake lililotiwa kiraka. Alikuwa rafiki wa Babu tangu ujana, mtu mpole, asiyeingia kwa mtu bila kuvua viatu.

"Shemeji, leo umeachwa mjane wa lori."

"Niache nishone. Ovaroli lako hilo hapo, na safari nyingine uje nalo limefuliwa."

Alicheka, akalichukua, kisha jicho lake likaenda kwenye kopo lililokuwa wazi. Ndani ilibaki raba moja ya ziada. Aliishika, akaibonyeza. Kicheko kikaisha.

"Shemeji, hii uliipaka nini?"

"Mafuta ya mgando. Ilikuwa imekauka."

Kando ya kopo palikuwa na raba kuukuu iliyotolewa jana, ya kipimo kilekile, ngumu na yenye nyufa. Muuza spea aliziweka pamoja juu ya meza ya cherehani. Ile ya zamani ilikuwa na upana wake wa siku zote. Ile iliyopakwa ilikuwa imevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki.

"Amefunga zote kama hii?"

"Zote." Sauti yake mwenyewe aliisikia iko mbali. "Nini? Sema."

Muuza spea alivuta kigoda, akakaa, ili asimwambie akiwa amesimama juu yake. Wema huo Bibi aliukumbuka baadaye. "Mafuta ya namna hiyo yanaila raba ya breki. Inalainika, inavimba, na ikipata joto inazidi. Kwanza breki zitashika bila kuachia. Magurudumu yatapata moto. Halafu akiwa kwenye mteremko, akikanyaga, pedali itazama kama mguu kwenye matope."

Kutoka machimbo hadi chini kuna kona saba, na upande mmoja ni korongo. Mkutano ulikuwa uishe saa sita.

Bibi alishika simu. Vidole vilivyotunga sindano miaka arobaini vilikosea kubonyeza mara mbili. Simu ikaita. Ikalia mle mle chumbani, chini ya lundo la sare, kwa mlio wa jogoo ambao mjukuu alimwekea babu yake. Babu alikuwa ameisahau. Jogoo aliwika na kuwika chini ya nguo, na Bibi akabaki anaangalia lundo lile kana kwamba kuna mtu ndani.

"Twende," alisema.

Muuza spea hakuwa na gari. Lakini nje, mbele ya nyumba ya jirani, dereva wa gari la maji alikuwa akikunja mpira wa maji ili aende kwa mteja mwingine. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mabega mapana, hana maneno mengi. Bibi alimshika mkono.

"Mwanangu, nipeleke juu machimbo. Mume wangu anashuka hana breki. Na mtoto yumo."

Yule mwanamke alimtazama mara moja tu, akatupa mpira chini. "Panda, Mama. Tangi limejaa, hatutakimbia, ila tutafika."

Muuza spea alibaki kupiga simu kwa kila mtu aliyemjua. Gari la maji lilipanda likinguruma. Bibi alihesabu kona. Kwenye ya pili walikutana na lori la kwanza lenye pua likishuka, mwenyewe akipunga mkono kwa furaha. Dereva alipiga honi, wakasimama dirisha kwa dirisha.

"Mzee Pua yuko wapi?"

"Nyuma yetu. Alisema breki zinanata, akasimama zipoe kidogo. Kwani vipi?"

Dereva alikuwa ameshaondoa gari. Kunata kulikuwa kumeshapita, kilichofuata Bibi alishaambiwa.

Kwenye kona ya nne, penye upana, dereva aligeuza gari likaelekea chini.

"Mbona unageuza? Hatujafika kwao!"

"Mama, nikiwakuta uso kwa uso nitawaua." Alikuwa akitazama kioo cha pembeni. "Niliwahi kuona kitu kimoja kikifanywa. Sijawahi kukifanya mwenyewe. Funga mkanda."

Ndipo honi iliposikika. Haikuwa ya kusalimia. Ilikuwa imekandamizwa, haikatiki. Bibi alitazama kioo cha upande wake. Pua lilitokeza kwenye kona ya juu, magurudumu ya mbele yakitoa moshi mweupe, boneti lile refu likija kuelekea kwao na kukua. Nyuma ya kioo cha mbele cha lori alimwona Babu ameuma meno. Na pembeni yake, kichwa kidogo kimeinama. Mtoto alikuwa ameikumbatia gia kwa mikono yote miwili na kifua juu yake.

"Usiiachie," Bibi alinong'ona. "Usiiachie, mjukuu wangu, usiiachie."

Dereva aliondoa gari taratibu, akalipa mwendo, akatoa mkono dirishani na kuupunga kumwita Babu nyuma yake. Njoo. Njoo. Lori likaja. Kwenye kioo hapakubaki barabara wala mbingu, ilibaki pua tu. Kisha likagonga, na kichwa cha Bibi kikarudi nyuma kwenye kiti. Chuma kikalia. Maji yakaruka toka tangini, yakamwagikia boneti na kuingia dirishani mwa lori, mvuke ukapanda na hakuona tena kitu.

Dereva alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, akilia bila kutoa sauti. Kona ya tatu ikapita. Ya pili ikapita, gurudumu likisaga changarawe za ukingoni. Katikati ya ya pili na ya kwanza yale magari mawili yalisimama yakiwa yamebanana.

Bibi alishuka akalikimbilia lori. Mlango wa Pua ulikuwa umegoma, akauvuta kwa nguvu asizojua zilitoka wapi. Mtoto bado alikuwa ameikumbatia gia.

"Bibi, sikuiachia."

"Nimeona. Sasa iachie."

Ilibidi Babu aibandue mikono ya mtoto kidole kimoja kimoja. Kisha Babu alishuka, akaenda kutafuta mawe ya kuwekea magurudumu, ingawa lori lilikuwa halina pa kwenda. Lile pua alilolipiga rangi mara tano maishani lilikuwa limejikunja kama karatasi. Hakuligusa.

"Ni mimi," Bibi alimwambia. "Zile raba nilizipaka mafuta ya mgando. Ni mimi."

Babu aliweka jiwe la mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Niliisikia harufu yake nilipozifunga," alisema. "Nikasema, zinanukia kama watoto wetu. Mimi ndiye fundi. Ningeuliza."

Mtu wa kiwanda aliwakuta pale, akasimamisha gari. Hakuuliza habari za lori. Alivua koti lake akamfunika mtoto, aliyekuwa amelowa na kutetemeka, akaondoka bila kulidai.

Jumatatu, sare zilipokwisha, Bibi alilifua lile koti, akalipiga pasi, akalifunga. Wale wazee saba walikuwa tayari wanabishana kuhusu barua ya nne, injini iweje, pua irefushwe au ifupishwe. Bibi aliandika yake mwenyewe kwa mkono, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

"Bwana wa kiwanda," aliandika. "Hao wanataka lori lirudi. Mimi naomba mrudishe raba. Hata msipounda tena gari hata moja, undeni raba, maana haya ya zamani hawatayaacha, na watoto wanapanda humo."

Pua lilikaa uani, mawe chini ya magurudumu yote. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, Bibi alitoka akayazunguka mawe yote manne, akayapiga teke moja moja aone kama yameshika.