Chemni ya Dolphine

Jacktone alikuwa na mdomo. Ukipita mbele ya studio yake pale Oyugis, hata ukiwa na haraka zako, utamsikia tu: "Wee! Uso mzuri hivyo utazeeka bila ushahidi?" Watu walicheka, wakaingia, wakapigwa picha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Lakini asubuhi moja mwaka wa tisini na nne, alipomwona Emmaculate akivuka barabara na kitu kimefungwa kwenye leso, mdomo ule ulimkauka. Angekuwa na mlango wa nyuma, angetoka.

"Karibu, Mama Byron," alisema.

Zamani aliitwa Mama Dolphine, kwa jina la kifungua mimba wake. Malaria ilipomchukua Dolphine akiwa na miaka minane, mji mzima ulihamia kwa jina la mtoto aliyebaki, ili usimtoneshe kidonda.

Jacktone naye alikuwa na yake moyoni. Krismasi iliyopita Dolphine alisimama mbele ya lile pazia na gauni jipya, akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Kumbe filamu haikuwa imeshika meno ya kamera! Picha thelathini na sita, haikusogea hata moja. Jacktone akawaambia watu kwamba mashine ya kusafishia picha kule Kisumu imeziharibu. Uongo mtupu. Alimwahidi mtoto kwamba atampiga picha tena, na Machi wakamzika bila picha hata moja duniani.

Emmaculate alifungua leso. Ndani mlikuwa na chemni, kioo cha taa ya mafuta, cha tangu enzi za mama yake mzazi. Kilikuwa na vipovu na mikwaruzo, na kimejaa masizi. Ufa ulikuwa umeanza kwenye mdomo, unashuka.

"Mkono wangu hauingii humu," alisema. "Ni wake tu ulikuwa unaingia kuipangusa. Hebu angalia ndani."

Jacktone akaangalia. Katikati ya masizi palikuwa na michirizi mitatu ya vidole, myembamba kabisa.

"Sijaiwasha tangu siku ile, tunakula kwa mwanga wa koroboi. Lakini huu ufa unatembea, Jacktone. Nipigie picha hapo kabla haijavunjika."

Jacktone akasema, "Mama, ile filamu ya Krismasi. Haikuwa Kisumu. Ni mimi. Sikuifunga vizuri, halafu nikaogopa kusema."

Emmaculate alimtazama mpaka Jacktone akainamisha kichwa. Kisha akauliza, "Na leo imeshika?"

"Weka kidole hapa, juu ya hiki kifundo cha kurudishia filamu. Kikizunguka, ujue inasogea."

Akaweka. Jacktone akaiweka chemni dirishani, karatasi nyeupe nyuma yake. Akaing'oa lenzi, akaigeuza kinyumenyume, akaishikilia kwa mkono mbele ya kamera ili ikuze vitu vidogo, kama alivyofunzwa na mzee aliyemfundisha kazi kule Migori. Hakuona chemni tena. Aliona vipovu vikubwa, mikwaruzo iliyopishana, na kingo za masizi mahali kidole kilipopita. Alibana pumzi, akabofya. Kila aliposogeza filamu, Emmaculate alisema, "Imezunguka."

Picha zilirudi kutoka Kisumu na kikaratasi: Kamera yako ina kasoro, peleka kwa fundi. Jacktone alicheka, halafu akaingiwa na hofu. Kweli, ni weusi na weupe tu. Mama wa watu ataona nini hapa?

Emmaculate alikuja na chemni yake kwapani, maana haiachi nyumbani na Byron mtundu yule. Akaichukua picha, akaigeuza huku, akaigeuza kule. Ghafla akashika mdomo.

"Uwii! Kumbe upo na wa nne!"

Ulikuwepo, mwembamba, wa kukatikakatika, ambao jicho tupu halikuuona.

"Hicho ni kidole chake cha mwisho. Alijikata na mkebe, akawa anakikunja. Na hapa," akagusa mahali michirizi ilipoishia, "hapa nilimwita aje kula. Akasema, 'Mama, bado namaliza.' Nikamgombeza. Usiku homa ikamshika."

Akalia kwa sauti, bila kujificha, na Jacktone akalia naye.

Alipotulia aliomba kitambaa na kijiti. Akakizungushia kitambaa, akakiingiza ndani ya chemni, akaanza kupangusa pale pale mtoto alipoachia. Jacktone alitaka kumzuia kwa sababu ya ule ufa, akamwacha. Emmaculate alipangusa polepole mpaka kioo chote kikawa cheupe.

"Nimekumalizia, nyathina, mwanangu," alikinong'oneza. "Leo tutakula kwa mwanga wako."

Akafunga leso, akatia picha kifuani, akatoka.

"Mama Dolphine," Jacktone akamwita, "tembea polepole, isije ikavunjika."

Emmaculate alisimama mlangoni. Tangu Machi hakuna aliyekuwa amemwita hivyo.

"Sema tena," alisema.

Jacktone akasema tena.