Feni Chumbani Mwangu

Chumba changu kilichukuliwa na upepo. Mkwe wangu, fundi saa, ndivyo alivyonieleza: anajifunza mambo ya upepo, na upepo unataka nafasi. Basi cherehani yangu ikahamia jikoni, mimi nikahamia kwa wajukuu, na chumbani mwangu likaingia gari la mteremko, lisilo na injini, la kushindana siku za Jumamosi na la mwoka mikate wa mtaani.

Mkwe si mjinga. Saa iliyozama kisimani ataitoa na itatembea. Ila upepo alijifunza vitabuni, miaka miwili, na kila ukurasa tuliletewa mezani. Hewa ina uzito, tukaambiwa. Hewa inashika, inavuta. Tukaendelea kula. Gari akalichonga mbele kama sindano ili litoboe hewa, nyuma akaliacha mviringo kama kitako cha chungu. Huko nyuma, alisema, hewa imeshapita, ina kazi gani tena?

Likashindwa mara tatu. Mwoka mikate alikuwa akiteremkia kitu kama pipa, kisha anamsubiri mwenzake chini amekunja nne.

Binti yangu akaapa: Jumamosi likishindwa tena, mnunuzi wa vyuma chakavu alibebe, mama arudi chumbani mwake. Nilifua pazia langu.

Jumatano mkwe akabandika nyuzi za sufu mwili mzima wa gari ili zionyeshe hewa inavyopita, nyuzi nilizozifumua mwenyewe kwenye sweta langu kuukuu. Akawasha feni mbele. Nyuzi za mbele zikalala. Za nyuma zikarukaruka kama walevi waliofukuzwa baa. Akasema feni ni ndogo, akatoka kwenda kuazima kubwa.

Nikaingia kufagia. Feni ilinizuia, nikaisogeza nyuma ya gari, nikaiacha izunguke ikilipuliza maana joto lilikuwa kali. Nilipoinua kichwa, nyuzi zote zimelala, mwanzo hadi mwisho, kama nywele za mtoto aliyepakwa mafuta. Kichwa changu cha darasa la tatu kilielewa upesi kuliko nilivyotaka. Nikairudisha feni mahali pake, nikafunga mlango.

Siku mbili nililala na siri ile. Siri haikuwa yangu, lakini chumba kilikuwa changu.

Ijumaa asubuhi nikampelekea chai. Nikamkuta amekaa chini kando ya gari kama anayeuguza mtu.

"Mama," akasema, "pengine mimi ni wa saa tu."

Ningenyamaza, leo cherehani ingekuwa dirishani chumbani mwangu. Mdomo ukaniponza.

"Geuza kiti, baba."

"Kiti?"

"Kaa utazame huko kwenye kitako. Hiyo sindano yako iwe mkia."

Akacheka kidogo, kwa heshima, jinsi mtu anavyomchekea mama mkwe. Nikaisogeza feni. Akaacha kucheka. Chai ikapoa, naye kutwa nzima akahamisha kiti, usukani na breki.

Jumamosi gari likashuka kinyumenyume. Watu walilizomea hadi katikati ya mteremko, kisha wakanyamaza. Mwoka mikate alipofika chini, alimkuta mkwe wangu amekunja nne.

Binti yangu hageuzi neno lake, kwa hiyo gari halikuondoka. Mkwe anawaeleza majirani kwamba matokeo yale ni ya utafiti wa miaka miwili. Naitikia, miaka miwili ni kweli. Sasa anaunda la pili, la watu wawili. Jana alikuja kupima jikoni, akasimama mbele ya cherehani, akaniuliza kwa adabu kama bado naitumia sana.