Kitanda cha Tina ndani ya motokari

Mimi ni mtu wa kulalamika, sikatai. Nalalamikia chumvi, umeme, moshi wa jirani, hata namna bwana wangu Nicolas anavyokohoa. Ndiyo sababu siku niliyokuwa na haki ya kulalamika, hakunisikiliza.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yetu Tina alikuwa na mimba ya miezi minane, na kondo la nyuma lilikaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. Daktari alisema apasuliwe Lubumbashi siku ya Alhamisi, maana hapa Likasi damu ya kumwongezea haitoshi. Tena njiani alale, asitikiswe. Akitikiswa sana damu itatoka, na hakuna atakayeizuia. Taxi na basi zote ni za kukaa. Nicolas akasema, sisi tuko na motokari yenye kitanda.

Motokari gani, jamani. Ni Mercedes ya zamani. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka Afrika waliiacha uani kwetu injini imekufa, na kitanda, kabati na jiko dogo ndani yake. Nicolas alikuwa fundi wa malori ya mine, kule mgodini, kwa miaka thelathini na moja. Aliifungua yote, msumari kwa msumari, na kwa miezi minne sikuwa na pahali pa kuanika nguo.

Jumanne mchana ikawaka. Nicolas alisema tuijaribu kwa barabara ya Kamatanda, kwenda na kurudi.

"Miye mwenyewe nitalala kwa kitanda," nikasema. "Pahali pa Tina."

Akacheka. Rolly, mume wa Tina, akakaa mbele pamoja naye.

Injini ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ilipanda mlima bila kusita, na Nicolas akaanza kuimba wimbo wa misa. Huku nyuma mimi nilikuwa naumia. Kila shimo lilinirusha juu na kunirudisha kwenye mbao. Nilijishika kwa kabati, mlango wake ukabaki mkononi. Tulipovuka reli niliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni.

"Baba Tina, simamisha. Tina hawezi kulala humu."

"Weye unalalamikaka kwa kila kintu. Hausikie namna injini iko inaimba?"

"Nasikia mugongo yangu."

"Mashimo ni ya barabara, Mama Tina. Haiko ya motokari."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia aje alale yeye, Rolly aendeshe.

Akaja akinung'unika, akanyoosha miguu. Rolly aliendesha polepole, mita mia tatu tu. Niliusikia mwili wa Nicolas ukianguka huko nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akagonga bati kwa ngumi, na Rolly akasimama. Nicolas alishuka, akakaa chini kando ya barabara.

"Niliongeza lame," akasema.

Lame ni vile vyuma vya kupinda vinavyobeba gari juu ya magurudumu. Kwetu kila fundi anaziongeza, kwa kuwa kila gari mwishowe inapakiwa mifuko ya mawe ya madini; bila mzigo mzito hazipindi, gari inaruka tu.

"Tatu za lori, kila upande. Mikono ilifanya yenyewe, sikuwaza hata kidogo. Mawe haisikiake maumivu."

"Zitoe."

"Nilizichomelea, Rosalie. Kuzikata ni siku mbili, tena kama umeme iko."

Sikumtukana. Nilimwonea huruma mpaka nikaogopa. Tukarudi nyumbani.

Tina alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta, kitenge chake kimelowa.

"Mama, damu imeanza," akasema, kama mtu anayeomba msamaha.

Rolly akapiga simu ya ambulansi. Ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine tangu asubuhi. Nicolas alitazama magurudumu, akanitazama mimi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Tutamuua humu ndani."

"Akibaki hapa atakufa vilevile," nikasema. "Lete godoro."

Godoro letu limechoka, ni kitambaa tu. Nikapanda kwanza, nikalala chali juu yake. Nikamwambia Tina alale juu yangu, mgongo wake kwenye kifua changu, nikamzungushia mikono chini ya tumbo. Alikuwa mzito. Sikuwa nimembeba tangu alipoanza shule.

"Nitakuumiza, Mama."

"Nyamaza, mwanangu. Lala."

Nicolas akawasha. Shimo la kwanza lilikuwa pale kwenye kona. Mgongo wangu uligonga mbao, pumzi ikakatika, na ubavuni kitu kikalia kama kijiti kinachovunjika. Nilingoja mpaka sauti yangu iliporudi.

"Umesikia hiyo shimo?" nikamuuliza Tina.

"Shimo gani, Mama?"

"Hakuna kitu. Lala."

Mpaka Lubumbashi ni kilomita mia na ishirini.