Umezaa Wangapi?

Dada yangu mkunga aliitwa wa mwisho kwenye usaili, na mimi nikaingia naye. Mfuko wa wafadhili ulitaka hivyo: anayeomba kwenda ng'ambo kusomea ualimu wa ukunga aje na ndugu atakayebaki na watoto. Mama alipousikia aliuliza huo mfuko una nini ndani. Nikamwambia una ada, tiketi na, dada akirudi, vifaa vya darasa la kwanza la wakunga katika hospitali yetu. Mama akasema basi si mfuko huo, ni gunia.

Nafasi ilikuwa moja tu, na dada alishachoka kuona akina mama wakijifungulia koridoni kwa uhaba wa wakunga.

Usaili ulifanyika katika stoo ya mashuka iliyowekwa meza. Aliyekuwa na uamuzi ni daktari wa mfuko, mzee wa kigeni ambaye manesi walishambandika jina la Bwana Kamusi. Alijifunza Kiswahili ukubwani na alikionea fahari. Alimwambia mkalimani aende zake akanywe chai.

Aliniuliza kama niko tayari kulea. Nikajibu kwamba mapacha wa dada wamenizoea mimi kuliko yeye. Akacheka, kisha akamgeukia dada.

"Umezaa watoto wangapi?"

"Wawili," dada akasema. Tulikuwa bado kwenye habari za nyumbani, hata mimi sikushtuka.

Akauliza mara ya mwisho ilikuwa lini. Dada akasema miaka sita iliyopita. Akauliza ilikwendaje. Dada, ambaye hajui kupamba maneno, akamweleza kwamba ilikuwa ngumu, madaktari ndio waliofanya kazi yote, yeye alikuwa amelala fofofo.

"Ulilala?"

"Sikujua lolote. Niliamka nikakuta watoto wameshatoka."

Mzee akafunika kalamu. Akamshukuru kwa kuja, sauti imejaa huruma. Dada akanyanyuka, uso umemshuka, asijue kosa lake ni nini. Nilikuwa karibu kumuuliza huyu mzee tangu lini kujifungua kwa upasuaji kukawa aibu.

"Watoto wawili," akasema, "kwa miaka yote hii kazini, ni wachache mno."

Kazini! Nusura niruke kwenye kiti.

"Daktari, samahani," nikasema. "Hao wawili kawazaa mwenyewe. Kazini huwa anazalisha."

Akalitafuna neno hilo, kisha akawa mwekundu hadi masikioni. Dada alipoelewa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani alidhani nimeuchapa usingizi, mama wa watu anajifungua?"

Mzee akauliza upya, safari hii polepole, silabi moja moja. Dada akasema hesabu ilishampotea. Akaanza na yule aliyetanguliza miguu, akaja kwa aliyezaliwa getini, mikono yake ikionyesha kila kitu hewani, na mzee akafungua kalamu akasahau kuandika. Nilijaa furaha hata nikaogopa kupumua.

Mwishowe alisimama, akamshika dada mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nenda ukasome," akasema. "Halafu urudi, utuzalie wakunga."

Nilishafungua mdomo nimsahihishe. Dada akanikanyaga mguu.