Mdhamini wa Profesa

Mimi ni msusi. Nywele za watu ndizo zinazonilisha, na mdomo wangu ndio unaonifukuzia wateja. Basi mtu asiniambie nipunguze sauti, hii ni saluni yangu. Nusu yake, kwa kweli. Ile nusu ya pili, nyuma ya pazia, alikuwa akishonea fundi cherehani, na vumbi la vitambaa vyake lilikuwa likiishia kwenye mafuta yangu ya nywele.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, tulimwita Profesa tangu utoto, kwa sababu aliifungua redio ya baba akaifunga tena, skrubu kadhaa zikabaki mkononi. Redio haikusema tena. Jina ndilo lililodumu.

Alipopata nafasi ya kusomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, alikuja saluni na karatasi. Amechora mistari miwili. Mmoja unashuka: huo mkopo wa masomo. Mwingine unapanda kama unakimbizwa: huo mshahara wa mhitimu.

"Hapa inapokutana, dada," akaweka kidole, "ndipo deni linapokwisha. Miaka mitatu tu kazini. Baada ya hapo ni raha mustarehe."

"Na huo mshahara nani kakuambia?"

"Uko kwenye tangazo la chuo."

Jamani! Muuza nyanya kamhakikishia kuwa nyanya ni nzuri, naye kaamini. Lakini mistari ilikuwa imenyooka, na mimi sikusoma hesabu hizo. Nikaweka sahihi ya mdhamini. Maana yake, asipolipa yeye, nalipa mimi.

"Ila hilo halitatokea," akasema. "Ni utaratibu tu."

Alifaulu vizuri, hilo simnyimi. Tukapiga picha, joho linaburuzika chini. Kisha mkopo ukaanza kudai, na mshahara ukagoma kuanza. Mwenye shahada akageuka fundi wa ukoo mzima. Simu ya shangazi imejaa, aitwe Profesa. Televisheni ya mjomba haina sauti, aitwe Profesa. Malipo yake soda na "Mungu akubariki, mwanangu". Baraka, kwa bahati mbaya, ofisi ya mikopo haipokei.

Akawa anakuja kwangu. Anasimama mlangoni, anakuna kisogo, na maneno ni yale yale tangu akiwa mdogo: "Dada, samahani kukusumbua. Najua una mambo mengi. Hii ni mara ya mwisho." Nauli ya kwenda kwenye usaili, mara ya mwisho. Viatu vya usaili, mara ya mwisho. Namsema mpaka fundi anasimamisha cherehani asikie vizuri, halafu natoa.

Siku moja akaingia mbio. "Dada, nimepata kazi! Ya majaribio, lakini kazi."

"Wapi?"

Akaangalia chini. "Ofisi ya mikopo."

Nilicheka hadi kitana kikaniponyoka. Walitaka mtu wa kuwatengenezea programu ya kuwafuatilia wasiolipa, pamoja na wadhamini wao.

"Yaani wewe mdaiwa ndiye unayetega mtego?"

"Ndiyo kazi iliyopo. Ikifanya kazi mbele ya wakubwa, wananiajiri. Isipofanya kazi, narudi kwenye televisheni ya mjomba."

Wiki hiyo hiyo fundi cherehani akatangaza kuhama. Mwenye nyumba akaniambia nikilipa kodi ya miezi ya mbele kabla ya Ijumaa, chumba chote changu. Pesa nilikuwa nayo, kwenye simu, nimeidunduliza kwa miaka. Nilishaona kiti cha pili kitakapokaa. Nilishachagua hata rangi ya beseni la kuoshea nywele. Profesa nilimwonyesha mpaka ukuta nitakaotoboa kupitisha bomba.

Alhamisi asubuhi, niko katikati ya kichwa cha mteja, simu ikalia. Ujumbe.

"Mdhamini mpendwa, samahani kukusumbua. Tunajua una mambo mengi. Mkopo ulioudhamini umecheleweshwa. Tafadhali lipa leo kiasi kilichotajwa hapa chini. Hii ni mara ya mwisho."

Nikauachia msuko. Ofisi gani duniani inaomba samahani? Nilimwona kabisa huyo mtoto, anakuna kisogo. Nikampigia.

"Profesa, umenitumia nini?"

Akanong'ona. "Dada, wakubwa wako nyuma yangu, wanaangalia kioo cha kompyuta. Ilibidi nichague mdhamini mmoja wa kujaribia. Anayelipa. Nilipitia wote. Ninayejua kwamba atalipa ni wewe tu."

"Na pesa ya chumba, hukuikumbuka?"

"Niliikumbuka," akasema.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Angesema kasahau, ningemsamehe palepale. Nikamporomoshea maneno ambayo mteja wangu, mama mtu mzima, alijifanya hayasikii. Nikakata simu. Nikaangalia lile pazia, nikaangalia ule ukuta wa bomba langu.

Nikalipa. Nililia kwa hasira, na sitadanganya, kulikuwa na fahari ndani yake, tena ya kijinga: kitu alichokitengeneza kilikuwa kinafanya kazi. Nilipobonyeza tu, jibu likarudi: "Asante. Malipo yamepokelewa."

Jioni akapiga simu. "Dada, walipiga makofi! Nimeajiriwa!"

Ameajiriwa kweli. Na programu yake inamkata deni kwenye mshahara kabla yeye mwenyewe hajauona. Kinachobaki kinatosha nauli na chakula cha mchana, akila kwa adabu. Pesa yangu anasema atanirudishia ile mistari ikikutana.

Ile nusu ya chumba ikachukuliwa na muuza spika. Anazijaribu kutwa nzima.

Juzi nilikuwa namsuka mwalimu mstaafu, tunapigiana kelele ili tusikilizane, simu yake ikalia. Akasoma, akaruka kitini.

"Eti samahani kukusumbua! Eti mara ya mwisho! Wanataka nimlipie mpwa wangu mpaka kaburini? Huyu aliyeandika haya hana ndugu?"

Nikavuta msuko, pengine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ana dada," nikamwambia. "Inamisha kichwa."